Kipimo cha Maziwa na Bahari ya Darasa la Sita

Mwaka wa 2004 Kitengela tulikuwa na bahari yetu wenyewe, tena tulivu kuliko ile ya Mombasa. Basi, tusiongeze chumvi. Bahari yenyewe ilikuwa na urefu wa mbuzi mchanga aliyelala, ilikaa juu ya meza nyuma ya Darasa la Sita, na kona yake moja ilivuja mpaka ikapakwa gundi mara tatu. Lakini ilikuwa na maji ya bahari, na samaki wa bahari, na mwenye nayo hakuwa Rais wala Gavana wa Benki. Alikuwa Nanjala, binti wa Wasike, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

Kila asubuhi Nanjala alikunywa chai yake akiwa amesimama, akafagia mbele ya mlango wao, kisha akapita pengo la ua nyuma ya ploti yao ya nyumba za kupanga na kuingia shuleni kabla hata kengele haijalia. Alifungua dirisha, akawasha taa iliyoning'inia juu ya tangi la vioo, akachungulia mstari wa wino uliochorwa ubavuni. Maji yakiwa chini ya mstari, aliyaongeza. Halafu alikaa kwenye kiti cha mwalimu, jambo lililokatazwa, akawasalimu samaki wake.

Walikuwa wawili, wadogo kama kidole gumba, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Mmoja aliitwa Mheshimiwa kwa sababu alifungua mdomo kutwa nzima bila kusema neno la maana. Wa pili alikuwa Mke wa Mheshimiwa. Chini yao palikuwa na jiwe lililojaa matumbawe laini, madogo na ya mviringo kama vifungo vya shati, na kaa mmoja anayebeba gamba la konokono mgongoni. Huyo kaa aliitwa Mpangaji, kwa kuwa alihama nyumba apendavyo na hakuna aliyewahi kumdai kodi. Watoto wa Kitengela, ambao karibu wote walikuwa wapangaji, walimwonea wivu sana.

Haikuwa kazi rahisi kuileta bahari hapo. Mwalimu Peterson, aliyefundisha sayansi, hakupewa na shule hata shilingi moja. Fundi Kisemei wa vioo alimpa vipande vya dirisha la duka lililovunjika. Baba yake Nanjala, dereva wa lori la kwenda Mombasa, aliteka maji ya bahari kwa jerikeni. Safari ya kwanza jerikeni zilikuwa zimebeba mafuta ya kupikia, kwa hiyo maji yale yalimwagwa kwenye maua ya mwalimu mkuu, na siku ya tatu maua yakafa. Safari ya pili alinunua jerikeni mpya. Pampu ilinunuliwa kuukuu Nairobi. Jiwe na samaki wakatoka kwa kampuni moja ya Mombasa yenye leseni ya kufuga samaki wa mapambo, baada ya Mwalimu kuandika barua nne.

Na hata hivyo samaki hawakuja upesi. Kwa majuma matano tangi lilikuwa na jiwe tu.

"Mwalimu," Brayo, mcheshi wa darasa, aliuliza, "kwa hivyo sisi tunafuga mawe?"

"Tunafuga maji kwanza," Mwalimu Peterson alijibu. "Maji yakiiva, samaki wataishi. Ukimtia samaki kwenye maji mabichi, unamtia kaburini."

Jambo lililomsumbua Mwalimu lilikuwa kupima chumvi. Kipimo cha kazi hiyo kiliuzwa bei ambayo ingenunua mbuzi wawili. Hapo ndipo Nalotuesha, aliyeketi dawati moja na Nanjala, alipoinua mkono.

"Mwalimu, Yeyo yuko na kitu ya kupima maziwa. Ya kioo. Inaelea. Kama mtu ameweka maji kwa maziwa, inazama, namba inashuka."

Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na mama huyo alijulikana na ploti zote. Alikuwa Eunice, au Mama Nalotuesha, aliyeleta maziwa kutoka Kisaju kila alfajiri. Mwalimu Peterson akapiga meza kwa furaha hata chaki zikaanguka. Maji yakizidi chumvi huwa mazito, na kitu kinachoelea hupanda juu! Kesho yake Mama Nalotuesha akaleta kipimo chake cha zamani, kwa kuwa alikuwa amenunua kipya. Wakakitumbukiza kwenye maji ya bahari. Kikacheza, kikatulia, kikasimama kwenye ishirini na sita.

"Sasa shikeni hapo," alisema Mwalimu. "Ishirini na sita. Maji hupungua kwa sababu yanageuka mvuke, lakini chumvi haiendi popote. Ni kama supu uliyoisahau jikoni. Ukiikuta imekauka, unaongeza nini?"

"Maji!" darasa likajibu.

"Maji gani? Yenye chumvi?"

"Hapanaaa!"

"Vizuri. Hapa tutaongeza maji ya mvua, basi. Siyo ya kisima. Haya ya kisima cha Kitengela yamewaharibu meno ninyi, sembuse samaki."

Maji ya mvua yalikuwa kwenye tangi la Mwalimu Zipporah, ng'ambo ya barabara ya Namanga, mwendo wa dakika kumi na tano ukiwa na mtungi mkononi. Katika muhula wa pili Nanjala na Nalotuesha waliyaendea pamoja, wakipokezana mtungi na umbea. Mambo yalikwenda vizuri mpaka shule ilipofungwa mwezi wa Agosti na Nalotuesha akabaki kwao Kisaju.

"Nanjala, wewe unakaa hapa nyuma," alisema Mwalimu Peterson, akimpa ufunguo wa darasa. "Kila siku: chakula kidogo, maji ya mvua hadi kwenye mstari, upime, uandike namba kwenye daftari. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu. Hata usiku nitawaota."

Juma la kwanza aliweza kweli. Juma la pili binamu yake Sheryl akaja kutoka Nairobi, na Sheryl alikuwa na mitindo mipya ya kusuka nywele, mitindo mipya ya kucheza, na hadithi ambazo hazikuisha ila mtu akilala. Siku ya kwanza Nanjala alisema ataenda jioni. Jioni akasema kesho. Kesho ilipofika ilikuja na ndugu zake, na siku tano zikapita. Alipofungua mlango wa darasa, maji yalikuwa yameshuka vidole vinne chini ya mstari, na pampu inakoroma kama mzee mwenye mafua.

Alitazama mtungi. Akaifikiria barabara ya Namanga na vumbi lake, akamfikiria Sheryl aliyekuwa akimngoja na kitana mkononi. Kisha akaziona pale pembeni jerikeni mbili za maji ya bahari, za akiba.

"Si ni bahari kwa bahari?" alijiambia. "Kuna ubaya gani?"

Akamimina mpaka maji yakafika kwenye mstari. Samaki wakaogelea. Hakuna kilichotokea, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa maana kosa lisilopiga kelele hutamani kurudiwa. Juma lililofuata akalirudia. Lile lingine pia. Jerikeni zilipobaki tupu alizijaza maji ya kisima mpaka shingoni, zisije zikaulizwa. Kipimo chenyewe, kilichotunzwa ndani ya soksi kuukuu juu ya kabati, hakukigusa tena. Aliketi tu kwenye kiti cha mwalimu, akachukua kalamu, akajaza daftari kwa mkupuo mmoja: ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na sita. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Shule ilipofunguliwa Septemba, Brayo ndiye aliyefika wa kwanza, na ukelele wake ulisikika hadi langoni. Mheshimiwa alikuwa ameelea ubavu juu. Mkewe alikuwa amekwama kwenye pampu. Vifungo vya matumbawe vilikuwa vimejikunja kama ngumi, na Mpangaji amejifungia ndani ya gamba lake, hafungui kwa mtu yeyote.

Mwalimu Peterson alichukua kipimo kutoka kwenye soksi, akakitia majini. Kikaruka juu kama kizibo. Thelathini na sita.

"Nanjala. Ulitia maji gani?"

"Ya mvua, Mwalimu."

"Ulipima?"

"Kila siku, Mwalimu. Ishirini na sita. Ni hii daftari."

Mwalimu alifungua daftari, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Alimwamini. Huo ndio uliokuwa msiba wenyewe, kwamba alimwamini.

"Basi kipimo ndicho kibovu," alisema, akikitoa majini kwa hasira. "Mwezi mzima kinasema ishirini na sita, leo kinasema thelathini na sita. Hiki ni kigeugeu. Nalotuesha, mrudishie mama yako. Nitatafuta kingine."

Nalotuesha alikipokea kwa mikono miwili. "Mwalimu, haki kipimo ya Yeyo ni nzuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Kama kipimo ni kibovu," Brayo alidakia kutoka nyuma, "na maziwa nayo je? Si sisi tumekuwa tukikunywa Mto Athi?"

Darasa likaangua kicheko. Nanjala naye alicheka, kidogo, ili asionekane hacheki. Kicheko kile alikuja kukikumbuka kuliko kitu kingine chochote.

Mwalimu aliazima kipimo kingine kwa mtu wa maziwa mjini Kajiado. Nacho kikasoma thelathini na sita, naye akaona kile cha Mama Nalotuesha kilidanganya Agosti nzima. Kila siku akapunguza jagi la maji ya tangi na kuongeza jagi la maji ya mvua, taratibu, ili viumbe waliobaki wasishtuke. Siku ya nane kipimo kilisimama kwenye ishirini na sita. Siku ya tisa vifungo vikafunguka viwili, vitatu. Siku ya kumi Mpangaji alitoa mguu mmoja, akauangalia ulimwengu, akatoka. Darasa likapiga makofi. Nanjala hakupiga.

Kwa sababu kufikia siku hiyo neno la Brayo lilikuwa limefika nyumbani kwa mama yake Brayo, likatoka hapo likaenda kwenye kioski, likarudi kwenye ploti likiwa limenenepa. Sasa ilisemekana Mama Nalotuesha ana kipimo cha uongo, tena anakijua ni cha uongo. Kathini wa nyumba namba nne akaacha kuchukua maziwa yake. Namba tano wakaacha. Namba saba wakaacha. Asubuhi moja Nanjala alimwona mama yake mwenyewe akikata pakiti ya maziwa kwa kisu.

"Mama, na maziwa ya Mama Nalotuesha?"

"Tumewacha kwanza," alijibu Dolphine, mama yake. "Watu wanasema anapima na kitu imeharibika. Mimi simtukani mtu, lakini siwezi kununulia watoto maji."

"Pengine si kweli."

"Wewe unajua nini? Kunywa chai."

Nanjala alijua. Alijua peke yake katika Kitengela nzima. Chai ile aliimeza kama mtu anayemeza kokoto.

Shuleni Nalotuesha alihama dawati bila ugomvi, akakaa karibu na mlango. Siku moja Nanjala alimfuata kwenye bomba.

"Nalo, umenikasirikia?"

"Kwa nini nikukasirikie? Umefanya nini?" Nalotuesha alimtazama machoni, kwa unyofu kabisa. "Ni maneno ya watu tu. Yeyo jana alirudi na mtungi mzima. Alimwagia mbwa. Anasema ikiendelea hivi atawachana na Kitengela, twende kwa nyanya Ewuaso Kedong. Huko nitaingia shule ingine."

Neno lilimfika Nanjala kwenye ulimi. Lilikaa pale, likasubiri. Kengele ikalia, naye akalimeza. Usemi wa wahenga kwamba majuto ni mjukuu si kweli kila mara. Mengine huja yakiwa tayari mazee, yana mkongojo, na hukaa nawe dawati moja.

Ijumaa ya mwisho ya Septemba wazazi waliitwa darasani waone bahari ilivyopona. Walikuja akina mama kutoka ploti zote, Kathini akiwa mbele na Dolphine karibu naye. Mzee Saning'o, mlinzi wa shule, alisimama mlangoni na rungu lake. Mwalimu Peterson alikuwa katikati ya maelezo yake kuhusu mvuke wakati salamu ya Kimaasai iliposikika kutoka nje.

"Sopa!"

"Ipa," Mzee Saning'o akaitikia, akampisha Mama Nalotuesha.

Alikuwa na shuka jekundu begani, mtungi wa maziwa mkono mmoja na soksi kuukuu mkono wa pili. Nalotuesha alimfuata nyuma akitazama chini.

"Mwalimu, samahani naingilia kazi yako," alisema. "Mimi nimesikia kipimo changu ni mgonjwa. Nimemleta hospitali."

Wanawake wakacheka kwa aibu. Mwalimu akakohoa.

"Mama, hilo neno lilikuwa la..."

"Hapana, wewe leta tu yako ile ya Kajiado."

Akamimina maziwa kwenye chupa ndefu ya kioo. Vipimo viwili vikatiwa kwa zamu. Thelathini. Thelathini. Akamwomba Mwalimu achote maji ya tangi kwenye chupa nyingine. Ishirini na sita. Ishirini na sita. Akavirudia tena, polepole, ili hata Kathini aliyekuwa hana miwani aone kwa karibu.

"Haki tumemkosea huyu mama," alisema Kathini. Dolphine alijifunika mdomo kwa leso, akasema, "Mama Nalotuesha, kesho uniletee lita mbili. Na unisamehe." Mwingine akasema moja na nusu. Mwalimu Peterson alisimama wima kama mwanafunzi.

"Mama, kosa la kwanza ni langu," alisema mbele ya wote. "Niliona daftari safi nikalaumu chombo chako, na sikukuuliza wewe. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Mama Nalotuesha. Lakini hakufunga soksi. Aliketi kwenye dawati, akawageukia watoto.

"Mimi nitawaambia kitu. Nilipoanza biashara hii nilikuwa msichana, nimeolewa juzi tu. Siku moja ng'ombe walitoa kidogo, nikaongeza maji kikombe kimoja. Kimoja tu. Mama mkwe akapima, akaniuliza, 'Umeongeza maji?' Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana. Alikuwa anaona namba kwa macho yake. Aliniambia, 'Maji nitayatoa kwa kuwapa ndama haya maziwa. Hiyo hapana yako nitaitoa aje?' Watoto, kuchoka si dhambi. Kusahau si dhambi, mtu anasahau hata mtoto mgongoni. Ukisema, watu wanakusaidia kurekebisha. Ukificha, mtu mwingine ndiye analipa, tena hajui analipia nini." Akawatazama mmoja mmoja. "Mtu akiwa na neno, aseme sasa. Hakuna atakayemchapa. Mimi nitamzuia hata mzazi wake."

Nanjala aliuona mlango ule umefunguliwa wazi, upana wa gari. Miguu yake ilijua njia. Lakini mama yake alikuwa pale, na Kathini, na Mwalimu aliyemwamini, na Nalotuesha. Akatazama viatu vyake.

Mama Nalotuesha alingoja. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipatie hiyo daftari."

Alifungua kurasa za Agosti. Hakuwa amesoma sana, lakini namba zilikuwa kazi yake.

"Hii mwandiko ni mzuri. Ni ya nani?"

"Yangu," alisema Nanjala.

"Tarehe kumi na saba, ishirini na sita. Ulipima?"

"Nilipima."

"Kumi na nane?"

"Nilipima, Mama."

"Mpaka ishirini na moja. Na kipimo hiki hiki?"

Nanjala alitazama soksi. "Hiki hiki."

Mama Nalotuesha alifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika chungu. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Tarehe kumi na sita, kipimo changu kipya kilianguka sokoni Kisaju kikavunjika. Nikaja hapa. Mzee Saning'o akanifungulia, nikatoa hiki kwa soksi nikaenda nacho. Nilikirudisha tarehe ishirini na mbili, nilipopata kingine. Mzee, ni uongo?"

"Ni kweli," alisema Mzee Saning'o mlangoni. "Mimi mwenyewe nilimfungulia."

Dolphine alishusha leso kutoka mdomoni. Mwalimu Peterson alivua miwani yake, akaifuta, wala haikuwa na vumbi. Nalotuesha, aliyesimama karibu na mlango, aliinua uso na kumtazama rafiki yake, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kumkumbuka amemwona wapi.

"Nanjala, mwanangu," alisema Mama Nalotuesha. "Dakika tano zilizopita ningekusamehe pale pale uliposimama. Hata sasa nitakusamehe. Lakini sasa itabidi kwanza nijifunze kukuamini, na hiyo sina kipimo chake. Haya, tuambie. Siku hizo tano ulipima na nini?"